Kuacha Kazi ya Miaka Mingi na Kurudi Shule: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kupata Moyo wa Kuendelea

Maswali haya nimeulizwa na watu niliokutana nao katika miaka mitatu ya masomo yangu: kwenye foleni ya ofisi ya uhasibu ya chuo, kwenye daladala la alfajiri, na kwenye simu za usiku za wanawake na wanaume walioacha ajira zao wakiwa na miaka thelathini na kitu, arobaini, na wachache wakiwa wamevuka hamsini. Mimi nilikuwa katibu muhtasi katika kampuni moja ya Dar es Salaam kwa miaka 16, nikaacha kazi nikiwa na miaka 41 ili nisome shahada ya usimamizi wa kumbukumbu na nyaraka. Sheria na taratibu ninazozitaja ni za Tanzania. Majibu mengine yanatokana na yale niliyoyapitia, na pale nilipokosea nimesema wazi ili mwenzangu asirudie.

Wiki za mwanzo chuoni nimekosa raha kabisa, ingawa uamuzi ulikuwa wangu mwenyewe. Je, nimekosea?

Huzuni ya wiki za mwanzo haithibitishi kwamba umekosea. Kazi iliyodumu miaka mingi huwa imekupa mengi zaidi ya mshahara: imekupa saa ya kuamka, kiti unachokijua, na watu wanaokujia kuuliza jambo kwa sababu wanajua kwamba unalijua. Nilipokuwa ofisini hakuna faili lililopotea bila mimi kuulizwa, na hata meneja mpya alianza kwa kunisalimu mimi kabla ya kuingia kwa mkurugenzi. Siku ya nne chuoni nilisimama saa mbili na nusu mbele ya dirisha la usajili nikiwa na fomu niliyoijaza vibaya, na kijana aliyekuwa ndani akanirudishia bila kuniangalia usoni. Nilikwenda kulia chooni. Ilinichukua muda kuelewa kwamba fomu haikuwa na uzito wowote. Nilikuwa ninalia kwa sababu kwa mara ya kwanza baada ya miaka 16 nilikuwa mahali ambapo hakuna aliyenijua.

Ukishalitambua jambo hilo, unaweza kulishughulikia. Kilichonisaidia mimi kilikuwa ratiba. Niliendelea kutoka nyumbani saa kumi na mbili kasorobo, kama siku za kazi, hata pale kipindi cha kwanza kilipokuwa saa nne, na saa zile za katikati nilikaa maktaba kwenye meza ile ile karibu na dirisha. Baada ya mwezi mmoja mhudumu wa maktaba alianza kunisalimu kwa jina. Ilikuwa salamu tu, lakini siku ile nilirudi nyumbani nikiwa mtu mwingine.

Je, sijachelewa? Nina miaka 46.

Watu wakitaka kuwatia moyo wanafunzi wa umri mkubwa humtaja Kimani Maruge wa Kenya, aliyeandikishwa darasa la kwanza katika shule ya msingi huko Eldoret mwezi Januari 2004 akiwa na miaka 84, baada ya serikali ya nchi yake kufuta ada ya elimu ya msingi. Wengi hukumbuka picha yake akiwa na kaptura na soksi ndefu katikati ya watoto. Sehemu ya habari yake inayonigusa zaidi ni ya mwaka 2008, alipopoteza mali zake katika ghasia zilizofuata uchaguzi na kulazimika kuishi katika kambi ya waliokimbia makwao, naye akaendelea kwenda shule akitokea kambini. Nelson Mandela alitunukiwa shahada yake ya sheria mwaka 1989, akiwa na umri wa miaka 70 na bado yuko kifungoni.

Hata hivyo, sipendi mtu aegemee mifano mikubwa peke yake, kwa sababu ukiamka usiku na hofu ya ada, Mandela yuko mbali. Mtafute mtu mmoja wa karibu aliyeifanya safari hii miaka miwili au mitatu kabla yako. Katika chuo chochote yupo, nawe utamtambua kwa jinsi anavyoshika begi lake kana kwamba anawahi mahali. Mimi nilimpata mwanamke aliyekuwa ameacha ualimu wa shule ya msingi, naye hakunipa hotuba yoyote. Alinionyesha daftari lake la mwaka wa kwanza lililojaa alama nyekundu, akaniambia alikuwa amebakiza muhula mmoja. Daftari lile lilinifaa kuliko maneno ya watu kumi.

Kuhusu hesabu yenyewe, shahada ya miaka mitatu ukiianza na miaka 46 utaimaliza na miaka 49, na miaka hiyo 49 utaifikia hata ukibaki pale ulipokuwa.

Ndugu na majirani wanasema nimechezea riziki. Niwajibu vipi?

Anza kwa kutofautisha wanaokusema na wanaokuhofia. Mama yangu mzazi alikaa wiki mbili bila kunipigia simu, nami nikadhani amekasirika. Alikuwa na hofu. Katika maisha yake yote aliwaona watu wakiachishwa kazi, na hakuwahi kumwona mtu anayeiacha mwenyewe akiwa na afya yake, hivyo aliona kama mwanawe amepatwa na jambo analolificha. Nilisafiri hadi Korogwe, nikaketi naye jikoni, nikamweleza ni kozi gani, inachukua muda gani, ada inatoka wapi, na watoto watakula nini. Hakusema kwamba anakubali. Alisema, «Haya mwanangu, Mungu akutangulie,» na tangu siku hiyo amekuwa akiuliza juu ya mitihani yangu kuliko mtu mwingine yeyote.

Mtu wa namna hiyo anastahili maelezo kamili, tena ana kwa ana, na kwa wazee wetu kwenda mwenyewe ni nusu ya jibu. Jirani anayeuliza ili apate la kusimulia anatosheka na sentensi moja ya heshima, kwa mfano, «Nimeamua kusoma, tuombeane heri,» na usiongeze ya pili. Nilipoteza nguvu nyingi mwanzoni kwa kumshawishi kila mtu, na jioni nilikosa nguvu ya kusoma.

Je, mume au mke na watoto nao huathirika?

Huathirika sana, na ni afadhali mlizungumze mapema kuliko kungoja ugomvi. Kosa langu lilikuwa kumwambia mume wangu kuhusu ndoto yangu kwa miezi mingi bila kumwambia kuhusu gharama zake. Jioni moja alikuta nimetumia akiba ya bati za nyumba kulipia ada ya muhula wa kwanza, na maneno yaliyofuata sitayaandika hapa. Jumapili iliyofuata tuliketi tukaandika kila shilingi inayoingia na kutoka, tukakubaliana bati zitangoja mwaka mmoja, na mimi nikakubali kuuza cherehani ya pili. Alikuwa amekasirikia kufichwa. Masomo yenyewe hakuyapinga, na tangu hapo ndiye anayenipokea kituoni nikichelewa.

Watoto hawahitaji maelezo marefu, lakini wape nafasi ndani ya safari yenyewe. Binti yangu alikuwa kidato cha pili nilipoanza chuo, na tulikuwa tukisoma meza moja usiku, yeye upande wa ukutani na mimi upande wa mlango. Alikuwa akinihoji maswali ya somo la takwimu bila huruma hata kidogo.

Suala la fedha linanikosesha usingizi. Naanzia wapi?

Naanza hapa kwa undani, kwa sababu katika watu niliowaona wakikata tamaa, wengi walikatishwa na fedha kabla masomo yenyewe hayajawashinda, na mara nyingi tatizo lilianzia siku ya kuondoka kazini.

Kama hujaondoka bado na uko sekta binafsi kwa mshahara wa mwezi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28, na mkataba wako unaweza kutaka zaidi. Usiondoke kwa hasira wala kwa simu. Andika barua, ipigiwe muhuri wa kupokelewa, na ubaki na nakala. Dai malipo ya siku za likizo ulizostahili na hukuzichukua, pamoja na hati ya utumishi inayoonyesha kazi uliyofanya na muda wake. Mimi niliandika barua za wengine kwa miaka 16 na yangu mwenyewe niliiandika kwa haraka, nikaondoka bila hati ya utumishi. Ilinigharimu safari nne za kuifuata baadaye, wakati wa kutafuta nafasi ya mafunzo kwa vitendo.

Kuhusu mifuko ya hifadhi ya jamii, wengi huacha kazi wakitegemea fao la kukosa ajira, kisha hukuta kwamba fao hilo limewekewa yule ambaye ajira yake imekoma bila yeye kujiuzulu. Nenda ofisi ya NSSF au PSSSF kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, uliza michango yako imefikia kiasi gani na hali yako itakuwaje, kisha panga bajeti yako bila fedha hizo. Uchungu wa kujua mapema unavumilika.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu nao una masharti ambayo mtu wa umri wetu hupaswa kuyasoma kwa makini, kwa kuwa miongozo ya miaka ya karibuni imeweka ukomo wa umri wa miaka 35 kwa waombaji wa shahada ya kwanza. Soma mwongozo wa mwaka unaoomba wewe, usitegemee simulizi. Aliye juu ya umri huo asikate shauri hapo hapo: uliza chuoni kama ada hulipwa kwa awamu, zungumza na SACCOS yako ya zamani juu ya akiba yako, na kama uko kwenye kikoba, waeleze wenzako mapema kwamba hisa zako zitapungua. Wanakikoba wangu walinikubalia nishuke hadi hisa moja kwa wiki badala ya kujitoa, na kwa kubaki niliendelea kuwa na mahali pa kukopa wakati mtoto alipougua.

Weka pia kazi ndogo inayolingana na ujuzi wako wa zamani. Nilichapa na kupanga tasnifu za wanafunzi wa shahada ya uzamili Jumamosi na Jumapili, nikapata nauli na chakula cha mchana cha wiki nzima. Fedha ile haikuwa nyingi, lakini ilinipa hakika kwamba mikono yangu bado inaweza kunilisha, na hakika hiyo ilinipa usingizi.

Sijaacha kazi bado. Je, ni lazima kuiacha ili nisome?

Si lazima, na kama ningeulizwa leo ningefikiri mara mbili zaidi. Mtumishi wa umma aulize kwanza kwa mwajiri wake utaratibu wa ruhusa ya masomo, kwa kuwa anayeruhusiwa kwa maandishi hubaki na nafasi yake, wakati anayeondoka kimya anaweza kuhesabiwa kuwa mtoro kazini. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kiliundwa kwa ajili ya watu wanaosoma wakiwa mbali na darasa, na kina vituo mikoani. Vyuo vingine vina masomo ya jioni. Njia hizi zinachosha kwa namna yake, na kuna kozi za maabara na za hospitali ambazo haziwezekani kwa saa za jioni, lakini mtu mwenye watoto wadogo na asiye na akiba ya miezi sita azipime kwa dhati kabla ya kuandika barua.

Wanafunzi wenzangu wana umri wa wanangu. Nitaishi nao vipi?

Watakuamkia, nawe itikia marahaba kwa moyo mweupe. Wataamua wenyewe kukuita mama, dada mkubwa, baba au mzee, na hakuna haja ya kulikataa jina hilo kwa kutaka kuonekana kijana. Ugumu uko kwenye kikundi cha majadiliano, ambako heshima ya umri inaweza kukudhuru bila wewe kujua: vijana wanaogopa kukwambia umekosea, wanakupa sehemu rahisi ya kazi, na mwisho wa muhula hujajifunza kitu. Mimi niliwaambia kikundi changu siku ya pili kwamba nje ya mlango mimi ni mama yao, lakini kwenye meza hiyo mkuu wetu ni kiongozi wa kikundi, kijana wa miaka 22, na akisema nimekosea nitarudia. Ilibidi nilithibitishe jambo hilo kwa vitendo, maana alinirudishia kazi yangu wiki ile ile, nami nikairudia.

Wao walinifundisha kujisajili masomo kwenye mfumo wa chuo na kutafuta makala kwenye intaneti. Mimi niliwafundisha kuandika barua rasmi za kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo, na nikagundua kwamba vitu nilivyoviona vya kawaida kwa miaka 16, kama kupanga aya, kuweka kumbukumbu namba na kuhifadhi nakala, kwao vilikuwa elimu mpya kabisa. Mtu aliyeacha kazi hudhani ameacha kila kitu mlangoni. Kaa na vijana hawa utaona ni mengi kiasi gani umekuja nayo.

Kichwa changu hakishiki kama zamani. Nisome namna gani?

Kwa wengi wetu kichwa hakijaharibika. Kimekosa mazoezi ya kusoma kwa ajili ya mtihani. Soma kwa vipande vifupi, nusu saa kisha dakika chache za kusimama, na baada ya kila kipande funga daftari ujieleze kwa sauti ulichokisoma. Usinakili mhadhara wote. Pale jambo linapogusa kazi yako ya zamani, andika pembeni mfano kutoka kazini, kwa kuwa mfano uliouishi hausahauliki. Na kama huoni vizuri ubao au maandishi ya simu, pima macho mapema; mwenzetu mmoja alijiona mjinga muhula mzima kumbe alihitaji miwani.

Nimefeli somo moja. Nimeaibika.

Mimi nilifeli takwimu mwaka wa kwanza, nikafanya mtihani wa marudio, au kusapu kama wanavyosema wanafunzi. Aibu ya mtu mzima ni nzito kuliko ya kijana, kwa sababu kijana amefeli mtihani tu, na mtu mzima anahisi kwamba watu wote waliomwonya wamepata ushahidi wao. Siku matokeo yalipotoka nilizima simu hadi jioni.

Kuna mambo ya haraka ya kufanya kabla huzuni haijakaa. Jua tarehe ya mtihani wa marudio na gharama zake, ikiwa zipo. Nenda kwa mhadhiri wa somo, uulize kwa unyenyekevu ni sehemu gani ulipoteza alama. Wengi wao humpokea vizuri mwanafunzi anayekuja kuuliza, kwa kuwa wanaokuja ni wachache. Mwambie mtu mmoja wa nyumbani siku hiyo hiyo, kwa sababu siri ya kufeli huwa nzito zaidi kila unapolala nayo. Binti yangu ndiye aliyeambiwa kwanza, naye alileta daftari bila kusema neno. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, walisema wahenga, lakini mhunzi naye hupaswa kwenda kutafuta koleo jingine mapema.

Mimi sikuenda chuo kikuu. Nimerudi kufanya mtihani wa kidato cha nne. Je, haya yananihusu?

Yanakuhusu moja kwa moja, na ujasiri wako ni mkubwa kuliko wangu. Baraza la Mitihani huwapokea watahiniwa wa kujitegemea, na kwa asiyepita sekondari kabisa kuna Mtihani wa Maarifa unaomfungulia mlango wa mtihani wa kidato cha nne. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, inasimamia masomo ya aina hii. Fundi aliyejifunzia kazini aulize VETA kuhusu urasimishaji wa ujuzi, kwani huenda ujuzi alionao ukapimwa na kupewa cheti bila yeye kuanza upya.

Nitajuaje kwamba imefika hatua ya kusimama?

Swali hili watu huogopa kuliuliza wakidhani ni la wasio na imani. Kama watoto wanakosa chakula, kama afya yako inazorota, au kama umegundua kozi uliyochagua sivyo ulivyoifikiria, zungumza na chuo juu ya kuahirisha masomo kwa maandishi, kwa sababu aliyeahirisha rasmi anaweza kurudi, na aliyetoweka huanza mwanzo. Nilimfahamu baba mmoja aliyeahirisha mwaka mzima, akarudi kwenye udereva wa malori, kisha akaonekana tena darasani akiwa na ada yake kamili. Usifanye uamuzi huo usiku, wala siku ya matokeo.

Usiku huu huu nimekata tamaa. Nifanye nini?

Kula kwanza, kama hujala. Kisha mtumie ujumbe yule mwenzako wa chuo aliyetangulia, umwambie ukweli kwa sentensi moja. Hata asipojibu hadi asubuhi, umeshautoa moyoni. Kama wewe ni mtu wa sala, sali. Fungua daftari kwenye ukurasa uliokushinda, usome mpaka upate jambo moja dogo unaloweza kulieleza kwa kinywa chako mwenyewe, uliandike pembeni kwa kalamu ya rangi nyingine, na ulale. Nguo za kesho ziandae kabla hujazima taa, ziwe zimepigwa pasi, kama ulivyokuwa ukifanya siku za kazi.